Hisa Hupimwa kwa Miaka, Si kwa Gawio Moja

Kila mwaka, kati ya Aprili na Juni, wenye hisa katika mabenki yetu makubwa hukutana katika Mkutano Mkuu wa Mwaka. Hapo hupokea hesabu, huwahoji wakurugenzi wao, na huidhinisha gawio. Katika siku hizo magazeti hujaa matangazo, na habari zake hufika hadi maofisini, madukani na kwenye vijiwe vya kahawa. Mmoja husema kwamba benki fulani imetoa gawio nono. Mwenzake hujibu kwamba mjomba wake alinunua hisa hizo zamani na sasa anakula bila jasho. Wa tatu, ambaye alikuwa kimya, huondoka akiwaza namna ya kuzitoa akiba zake alikoziweka ili naye akanunue.

Sisi hatuna ugomvi na mwananchi anayenunua hisa. Kuweka akiba ni tabia njema, na kuwa na sehemu katika mali ya nchi ni jambo la heshima. Linalotutia wasiwasi ni kununua kwa kufuata tarakimu moja iliyosikika kijiweni. Wengi wa wanaonunua hivyo si matajiri. Ni mwalimu aliyepokea kiinua mgongo, ni mjane aliyeuza kiwanja, ni mwenyekiti wa chama cha akiba na mikopo aliyekabidhiwa fedha za wenzake mia mbili. Tajiri akikosea hupunguza anasa. Hawa wakikosea, mtoto hukosa ada.

Wasomaji wetu wa siku nyingi huenda wakashangaa kuliona gazeti la Chama likifundisha habari za hisa. Wanakumbuka kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU na wa Serikali kuwa na hisa katika kampuni yoyote. Wanakumbuka pia kwamba mwezi huo huo wa Februari mabenki yalitaifishwa, na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar lililegeza masharti yale ya uongozi. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa, na katika mgawanyo huo ikazaliwa NMB. Mwaka 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara. Mwaka 2008 Serikali iliuza kwa wananchi asilimia 21 ya hisa za NMB, kila hisa kwa Sh. 600. Mwaka uliofuata hisa za CRDB, zilizouzwa kwa wananchi kwa Sh. 150, nazo ziliingia sokoni.

Mjadala juu ya njia hiyo ni mrefu, wala hatuufungui leo. Twasema neno moja tu. Mali iliyokuwa ya wote kwa amri ya dola, sehemu yake sasa inamilikiwa na mtu mmoja mmoja kwa cheti cha hisa. Sehemu nyingine ingali ya wote, kwani Serikali ina takriban asilimia 31.8 ya NMB, na kutokana na faida ya mwaka 2023 ilipokea gawio la zaidi ya Sh. bilioni 57. Kwa hiyo hata raia ambaye hajapata kuona cheti cha hisa ana haki ya kuelewa gawio ni kitu gani. Fedha hizo zimo katika mfuko wake.

Basi gawio ni nini? Ni ile sehemu ya faida ambayo kampuni huamua kuwagawia wenye hisa baada ya kulipa kodi na kubakiza fedha za kuendeshea na kukuzia shughuli zake. Tulitilie mkazo neno “huamua.” Gawio si mshahara wala si riba. Mkopeshaji ana mkataba, na asipolipwa aweza kwenda mahakamani. Mwenye hisa hana ahadi ya namna hiyo. Wakurugenzi hupendekeza, mkutano huidhinisha, na mwaka wa hasara yaweza isigawiwe hata senti moja. Anayeuza hisa kwa kumwambia mwananchi kwamba “utapokea kiasi hiki kila mwaka” anasema neno asilokuwa na mamlaka nalo.

Tufananishe hisa na ng'ombe wa maziwa. Bei ya ng'ombe ni kitu kimoja na maziwa yake ni kitu kingine. Mfugaji mwenye akili hauambiwi idadi ya lita peke yake akaridhika. Huuliza pia bei ya ng'ombe, ili ajue fedha zake zitaleta maziwa kiasi gani. Uwiano huo wa gawio kwa bei ya hisa ndio tunaouita hapa kiwango cha mavuno. Hesabu yake ni nyepesi: chukua gawio la mwaka kwa hisa moja, ligawe kwa bei ya hisa sokoni, kisha zidisha kwa mia. Hisa ya Sh. 1,000 iliyotoa gawio la Sh. 80 ina kiwango cha asilimia 8.

Mwananchi asisahau kodi ya zuio. Kwa kampuni zilizoorodheshwa katika Soko la Dar es Salaam, mkazi hukatwa asilimia 5 ya gawio kabla ya kulipwa. Katika zile Sh. 80 mkononi zitafika Sh. 76, na kiwango chake halisi ni asilimia 7.6.

Hesabu ni nyepesi, lakini ina mitego mitatu, na kila mmoja tunao mfano wake hapa hapa nchini.

Mtego wa kwanza ni kuchanganya bei ya jana na bei ya leo. Kutokana na hesabu za mwaka 2024, NMB ilitoa gawio la Sh. 428.85 kwa kila hisa. Aliyenunua mwaka 2008 kwa Sh. 600 anapata zaidi ya asilimia 71 ya fedha alizotoa siku ile, na ana haki ya kutabasamu. Lakini akimwambia jirani yake kwamba “hisa hizi hutoa asilimia 71,” anampotosha, ijapokuwa kwa nia njema. Jirani hatanunua kwa bei ya mwaka 2008. Tuseme, kwa mfano tu, atanunua kwa Sh. 7,000. Gawio lile lile kwake ni asilimia 6.1 kabla ya kodi. Tena yule wa kwanza alingoja zaidi ya miaka 15, na Sh. 600 za mwaka 2008 zilikuwa zikinunua vitu vingi kuliko Sh. 600 za leo. Utajiri wa mjomba ulitokana na siku aliyonunua na subira aliyokuwa nayo. Mambo hayo mawili mpwa hawezi kuyanunua kwa dalali.

Mtego wa pili ni gawio la mara moja. Kampuni ya Vodacom Tanzania iliuza hisa zake kwa wananchi mwaka 2017, kila moja kwa Sh. 850, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu kuuza sehemu ya hisa zao kwa umma. Mwaka 2020 iliidhinishwa kutoa gawio maalumu la takriban Sh. bilioni 400, yaani Sh. 178.57 kwa kila hisa. Kwa aliyenunua kwa Sh. 850 hiyo ni asilimia 21 kwa mkupuo. Kampuni haikumdanganya mtu, kwani ilisema wazi kwamba gawio hilo ni maalumu. Lakini msomaji wa harakaharaka aliyeona tarakimu ile na kudhani kwamba ndiyo kawaida ya kila mwaka alijidanganya mwenyewe. Hesabu za mwaka ulioishia Machi 2021 zilionyesha hasara, na miongoni mwa sababu zake ilikuwa kufungwa kwa laini za wateja ambao hawakuwa wamesajiliwa kwa alama za vidole. Gawio la kawaida liliporudi baadaye lilikuwa la shilingi chache tu kwa hisa.

Hapa mfano wetu wa ng'ombe unafaa tena. Maziwa hukamuliwa kesho na keshokutwa. Nyama huliwa mara moja. Kampuni inapogawa akiba yake ya miaka mingi kwa siku moja, mwenye hisa hupokea nyama, na si vibaya kuipokea. Kosa ni kuiandika katika daftari la maziwa.

Mtego wa tatu ndio unaonasa wengi, nao ni kiwango kikubwa kinachotokana na bei iliyoanguka. Turudi kwa ile hisa ya Sh. 1,000 yenye gawio la Sh. 80. Tuseme zimekuja habari mbaya, wenye hisa wamekimbilia kuuza, na bei imeshuka hadi Sh. 500. Gawio lililoandikwa vitabuni bado ni lile la mwaka jana, Sh. 80. Mara kiwango kinaonekana ni asilimia 16! Asiyejua hudhani ameokota dhahabu. Mwaka unapokwisha kampuni inatangaza gawio la Sh. 20, na kiwango kinakuwa asilimia 4 ya bei ile ile ya Sh. 500. Mnunuzi alitazama maziwa ya jana kwa ng'ombe aliyekwisha kuugua.

Hata hivyo hatutaki kumfundisha mwananchi woga, maana yapo ya kinyume pia. Katika mwaka 2019 bei ya hisa ya CRDB ilikuwa imeanguka hadi karibu na Sh. 100, chini ya ile Sh. 150 ya mwanzo. Wengi walikata tamaa, kwa kuwa gawio lilikuwa limeshuka kutoka Sh. 10 kwa hesabu za mwaka 2016 hadi Sh. 5 kwa mwaka 2017, kisha Sh. 8 kwa mwaka 2018. Kwa mwaka 2019 gawio likawa Sh. 17. Aliyekuwa amenunua kwa Sh. 100 alipata asilimia 17, na haukuwa mtego. Magawio yaliyofuata yalikuwa Sh. 22, kisha 36, 45, 50, na kwa mwaka 2024 Sh. 65. Yaani kiwango kikubwa chaweza kuwa dalili ya ugonjwa, na chaweza kuwa dalili kwamba watu wameogopa kupita kiasi. Tarakimu peke yake haisemi ni lipi kati ya hayo mawili. Ni nini basi kinachosema?

Kinachosema ni historia ya magawio ikisomwa pamoja na faida. Tuitazame NMB. Gawio la hesabu za mwaka 2016 lilikuwa Sh. 104 kwa hisa. La mwaka 2017 lilikuwa Sh. 64, na la mwaka 2018 Sh. 66. Aliyetazama tarakimu hizo tu aliona kampuni imepunguza gawio kwa zaidi ya theluthi, na huenda aliuza hisa zake kwa hasira. Lakini aliyefungua hesabu zilizokaguliwa aliona jambo la pili. Faida baada ya kodi ilikuwa imeshuka kutoka takriban Sh. bilioni 154 mwaka 2016 hadi takriban Sh. bilioni 93 mwaka 2017. Huo ulikuwa wakati ambapo mikopo isiyolipika ilizidi asilimia 10 ya mikopo yote katika mabenki ya nchi yetu. Gawio la benki mwaka 2016 lilikuwa kama theluthi ya faida, na mwaka 2017 likabaki kama theluthi ya faida.

Maana yake ni nini? Ni kwamba benki haikukopa wala haikukomba akiba ili kuwapumbaza wenye hisa. Ilipopata kidogo iligawa kidogo. Faida ilipopanda, gawio lilipanda nayo: Sh. 96 kwa mwaka 2019, 137 kwa mwaka 2020, 193 kwa mwaka 2021, 286 kwa mwaka 2022, 361 kwa mwaka 2023. Faida ya mwaka 2023 ilikuwa takriban Sh. bilioni 545, na gawio lote takriban Sh. bilioni 180. Ni ile ile theluthi. Mwenye hisa 1,000 aliyepokea Sh. 64,000 katika mwaka mbaya alipokea Sh. 428,850 kwa mwaka 2024, kabla ya kodi, bila kuongeza hisa hata moja. Aliyeuza kwa hasira hakuwepo.

Sasa tufikirie kampuni ya namna nyingine, ambayo faida yake inashuka kila mwaka na gawio lake halishuki. Mwaka wa kwanza inagawa theluthi ya faida, wa pili nusu, wa tatu yote, na wa nne inagawa zaidi ya ilichopata. Historia ya magawio yake ni nzuri mno kuitazama, imenyooka kama mstari wa rula. Lakini kampuni hiyo inakula mbegu. Ndiyo maana twasema kwamba gawio lililoshuka kwa sababu ya kweli laweza kuwa na heshima kuliko gawio lililosimama kwa kujikongoja.

Liko pia jambo dogo linalowaponza wageni wa soko. Kila gawio lina tarehe ya kufunga daftari la wanahisa. Ambaye jina lake halimo siku hiyo halipwi, hata akinunua kesho yake. Na daftari likikwisha kufungwa, bei aghalabu hupungua, kwa kuwa mnunuzi mpya ananunua ng'ombe aliyekwisha kukamuliwa. Kwa hiyo mbio za kununua siku mbili kabla ya daftari kufungwa, kwa kudhani kwamba hiyo ni fedha ya bure, hazina faida. Unachopokea kwa mkono wa kulia kama gawio waweza kukipoteza kwa mkono wa kushoto kama bei.

Baada ya kusema na wananchi, yatupasa kusema na wenye mamlaka na wenye kampuni.

Kwanza, tunataka tangazo la gawio liwe elimu, si mbwembwe. Tangazo linalotaja jumla ya mabilioni yaliyotolewa kwa herufi kubwa, pamoja na picha ya hundi ndefu kama mlango, halimwambii mwenye hisa anachohitaji kujua. Tunapendekeza kila tangazo litaje mambo manne: gawio kwa hisa moja, sehemu ya faida ambayo gawio hilo limetoka, magawio ya miaka 10 iliyopita, na kama lipo gawio maalumu litajwe mbali na la kawaida. Hayo yatatosha katika robo ya ukurasa. Kampuni isiyotaka kuyachapa hayo ituambie sababu.

Pili, hesabu na matangazo hayo yachapwe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Hisa zimeuzwa Sumbawanga na Lindi kama zilivyouzwa Dar es Salaam. Lugha iliyotumika kumshawishi mwananchi atoe fedha zake ndiyo itumike kumweleza zimefanya nini. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, ambayo kazi yake ni kumlinda mwekezaji, haitashindwa kulisimamia hilo.

Tatu, madalali wa hisa na mawakala wao wapimwe kwa ukweli wa maneno yao. Wengi ni watu waadilifu. Lakini anayetaja kiwango cha mavuno bila kutaja ni kwa bei ya siku gani, au anayetaja gawio maalumu kana kwamba ni la kila mwaka, hana tofauti kubwa na mwenye upatu anayeahidi miujiza. Tofauti yao ni kwamba mwenye upatu hana leseni ya kunyang'anywa.

Nne, twawageukia viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, vyama vya ushirika na vikundi vya wananchi. Fedha mnazoshika si zenu. Kabla ya kununua hisa kwa niaba ya wenzenu, wekeni mezani hesabu za angalau miaka mitano, na mhasibu wa chama ajibu maswali haya mbele ya wanachama. Je, gawio limetoka katika faida au katika akiba? Je, ni sehemu gani ya faida iliyogawiwa, na sehemu hiyo inakua au inasimama? Je, mwaka mbaya ulipokuja kampuni ilifanya nini? Je, kiwango cha mavuno kwa bei ya leo, baada ya kodi, kinazidi kile ambacho chama kingepata katika hati fungani za Serikali, ambazo riba yake inajulikana tangu siku ya kwanza? Majibu yakikosekana, fedha zikae zilipo hadi yapatikane.

Twajua watakuwapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya wasomi, na kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kuyafuata. Hatukubali. Mkulima wa pamba anajua bei za misimu mingi bila kuziandika. Mama anayeuza samaki Feri anajua faida ya kila ndoo kabla jua halijachwa. Watu hawa wamekuwa wakipiga hesabu za kugawa na kuzidisha maisha yao yote. Hawakukosa akili ya hesabu hata siku moja. Walichokosa ni kupewa tarakimu zote mezani, kwa lugha yao, na mtu asiyekuwa na haraka ya kupokea ujira wake.

Mwaka 1967 Chama kiliwakataza viongozi kuwa na hisa kwa kuwa kilihofu kwamba wachache wangekula jasho la wengi. Leo hisa zimeruhusiwa, lakini hofu ile ilikuwa ya haki, nayo haikufa pamoja na sharti lile. Yaweza kurudi kwa mlango mwingine, pale wachache wanaojua kusoma hesabu wanapowauzia wengi wasiojua. Dawa yake ni kuhakikisha kwamba wote wanajua.

Hakuna mfugaji anayenunua ng'ombe gizani kwa kuonyeshwa chupa moja ya maziwa. Humngoja kuche, akamtazama meno na kwato, akauliza alikamuliwa kiasi gani mwaka wa mvua na kiasi gani mwaka wa ukame. Anayenunua hisa naye aulize hivyo hivyo, na asione haya kuondoka na fedha zake mfukoni ikiwa hakujibiwa.